Swali Nililowafundisha Watu Watano

Jumapili, tarehe 27 Aprili. Mvua imeanza kabla ya ibada, ikanyesha mpaka mchungaji alipomaliza, ikaacha. Njia ya kuja kwetu huku Mtoni imekuwa tope tupu, kwa hiyo hakuna pa kwenda. Nimeona nianze hii kazi niliyoahidi.

Zuhura, wewe uliyeshika nafasi yangu, uliniuliza juzi Ijumaa mbele ya wenzako: wale watu wa usaili wanaokaa kwenye benchi pale nje ya chumba cha mikutano, mhudumu anatakiwa awaambie nini? Nikakujibu kwamba nitaandika. Nilijibu hivyo kwa sababu sikuwa na jibu, na watu walikuwa wanasubiri keki ya kuniaga.

Kwanza nikiri jambo. Nimesoma mpaka darasa la saba, na maisha yangu yote sijawahi kufanyiwa usaili hata mmoja. Kazi niliipata kwa sababu mhudumu aliyekuwepo aliolewa akahamia Mwanza, na mie nilikuwa nauza vitumbua getini, Kurasini, mtu wa karibu kuliko wote na birika lao la chai. Sasa mtu kama huyo akianza kufundisha watu namna ya kufaulu usaili, hapo pana kasoro. Lakini nimefundisha wengi. Baadhi walipata kazi, ingawa sina hakika kama ni kwa sababu yangu. Mmoja nilimkosesha, na hilo nina hakika nalo. Huyo ndiye nitakayemweleza zaidi.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Kibwana, tarishi wa ofisi, mzaliwa wa Temeke, mtu wa kanzu siku za Ijumaa na wa maneno siku zote. Kampuni yetu, kama mnavyojua, inatoa mizigo ya watu bandarini, na kazi hiyo inakula makarani, kwa hiyo usaili haukuwa jambo la nadra. Mzee Kibwana alinionyesha jagi, glasi, na karatasi ya majina, akanifundisha mambo matatu. Maji, nusu glasi. Ukijaza, mkono ukitetemeka mtu anajimwagia, anaingia ndani suruali imelowa, na jopo zima linahoji suruali. Chai usimpe kabisa, mpaka atoke. Na mlango umfungulie wewe mwenyewe, maana kile kitasa kilikuwa kinang'oka, na mtu akiingia kwa mabosi ameshika kitasa mkononi hawezi tena kuongea habari za umakini wake.

"Binti," aliniambia, "wewe ndiye uso wa mwisho wanaouona kabla ya kisu. Usinune."

Benchi lenyewe limetengenezwa na mume wangu, Baba Eliya, kwenye karakana yake Keko. Nasema mapema msije mkasikia kwa watu. Mie ndiye niliyempeleka kwa mhasibu. Linayumba upande wa kushoto, na kwa haki sio kosa lake peke yake, sakafu nayo imebonyea. Lakini pia ni kosa lake.

Mlango wa chumba kile ni wa plaiwudi na juu yake kuna dirisha dogo lisilofungika. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasikia. Miaka yote hiyo nimesikia watu wakiulizwa maswali yale yale, na nimesikia wanavyoanguka.

Yupo kaka mmoja aliyeingia akakuta watu watano, akaanza kusalimia mmoja mmoja. Shikamoo, marahaba. Shikamoo, marahaba. Alipofika wa nne akakuta ni dada wa rasilimali watu, mdogo kwake kwa miaka kumi hivi. Ampe shikamoo, amdanganye Mungu? Asimpe, amvunjie heshima mwajiri? Alisimama pale mpaka yule dada akamwonea huruma akasema habari za asubuhi. Aliyebaki wa tano alisahaulika, na huyo wa tano ndiye alikuwa Meneja. Kaka wa watu alikuwa amelelewa vizuri tu. Baada ya hapo nikawa nawaambia walio kwenye benchi: mkiingia semeni shikamooni mara moja, imetosha wote, kisha subirini mkaribishwe kiti.

Halafu lipo lile la kuambiwa, "Tuelezee kuhusu wewe." Hapa ndipo wengi wanapozama. Mtu anaanza: naitwa fulani, mtoto wa nne kati ya saba, nimezaliwa Kilosa, nikalelewa na bibi mzaa mama. Mpaka afike kwenye chuo, bibi ameshafariki, amezikwa, na Meneja anaangalia saa. Nikawa nawaambia waanze na jana. Jana mikono yako ilikuwa inafanya nini? Hapo ndipo kazi ilipo.

Yupo pia dada aliyekaa ghalani miaka sita, kila alichoulizwa anajibu tulifanya, tulisaidiana, tulipanga. Mwisho wakawa hawajui kama na yeye alikuwepo. Kwetu kusema nilifanya peke yangu ni majivuno, najua, nami nimelelewa hivyo hivyo. Basi aliyefuata nikamwambia asiogope kusema mie. Alisema mie mpaka wakamwogopa. Mwingine nilimwambia awaangalie usoni asiangalie sakafu. Alimkazia Meneja macho mpaka Meneja akamuuliza kama wanafahamiana. Kipimo cha haya mambo mpaka leo sikijui. Nawaandikia ili mjue kwamba anayewafundisha naye alikuwa anajaribu kwa migongo ya watu.

Kitu kimoja niliamini nimekipata sawasawa. Mwisho wa usaili wanauliza, "Una swali lolote kwetu?" Na kila mtu anajibu, "Sina, asanteni sana," haraka haraka, kama vile kuuliza ni kuwasumbua wakubwa. Siku moja nilimsikiliza Baba Eliya akipokea kiti cha mteja. Hakuuliza kimenunuliwa wapi. Aliuliza, kinavunjikiaga wapi? Nikalifikiria sana. Nikatunga swali langu: "Aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla, kitu gani kilikuwa kinamkwamisha?" Nikaliona zuri. Nililiweka, sikumpa mtu, nikisubiri mtu wa kumpa.

Mtu huyo alikuwa Tausi. Tausi ni mtoto wa jirani yangu, Mama Tausi, mwanamke wa hapa hapa pwani, tumepakana ukuta tangu watoto wadogo. Binti amemaliza diploma ya mambo ya ugavi, ana akili, mtulivu, na alikuwa amefanya usaili mara nane bila kuitwa kazini. Mara nane. Ya nane alirudi akavua viatu mlangoni, akamwambia mama yake kwamba basi, anatafuta fremu ya duka auze nguo za watoto. Mama yake hakutaka kusikia. Alikuja kwangu akasema kwamba ofisi yenu imetangaza tena karani wa nyaraka, na wewe miaka yote unakaa mlangoni pa usaili, sasa umenisaidia nini?

Nilijiuliza usiku na mchana kama ni haki. Maswali ya jopo sikuyajua mapema, na ningeyajua nisingesema. Nikaona nitamfundisha yale tu ambayo ningeweza kumwambia mtu yeyote. Hilo neno, mtu yeyote, ndilo lililokuja kunimaliza.

Tulifanya mazoezi sebuleni kwangu Jumamosi tatu. Baba Eliya alikuwa mwenyekiti wa jopo. Sijawahi kumwona mume wangu akifurahia kitu hivyo. Alivaa miwani ya kusomea, akaweka rula ya useremala mezani, akawa anamkatiza binti wa watu kila akifungua mdomo.

"Udhaifu wako ni upi?" anauliza.

"Udhaifu wangu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi, baba."

"Huo uongo. Wote mnasema hivyo. Toka nje uingie tena."

Mpaka Jumamosi ya tatu Tausi alikuwa anajibu kama maji. Alieleza jinsi alipokuwa kwenye mafunzo kwenye yadi ya makontena alivyokuta namba mbili zimeandikwa kinyume kwenye hati, akarudisha lori kabla halijatoka getini. Alisema niliona, nikarudisha. Bila majivuno na bila kujificha. Mwisho nikampa swali langu. Alilirudia mara mbili, akasema asante mama.

Siku yenyewe, Januari mwaka huu, walikuja watano. Tausi aliandikwa wa mwisho kwenye karatasi, sikuipanga mie. Nikagawa maji, nusu glasi. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Daudi, kijana wa Mbagala, kola ya shati imegeuzwa ikashonwa upya, na mshono ulikuwa wa mkono. Nikauangalia ule mshono. Kuna mtu amekaa usiku akaushona. Nikawaangalia na wale wengine watatu, nikaona kwamba na wao wana mtu nyumbani anayesubiri simu. Halafu mie mwajiriwa wa ofisi nimempa mmoja tu, jirani yangu.

Basi nikawaambia wote. Palepale kwenye benchi, Tausi amekaa mwisho upande unaoyumba, anasikia. Shikamooni moja. Anza na jana. Na wakikuuliza kama una swali, usiseme sina, uliza hivi. Nikalisema swali langu neno kwa neno. Nilidhani kila mtu atachagua kama linamfaa. Nilisahau kwamba mtu aliye kwenye lile benchi hachagui, anashika chochote.

Daudi aliingia. Alijibu kawaida tu, sio vibaya. Mwisho akauliza lile swali. Kisha mhasibu akasema tatizo ni nyaraka kuchelewa, dada wa rasilimali watu akasema hapana, ni mtu kuanza bila kuelekezwa, wakabishana wenyewe kwa wenyewe mpaka Meneja akacheka akasema, "Kijana, umetusaili sisi." Nilijivuna kule nje. Naandika hili kwa aibu.

Wa pili akauliza. Wakamjibu vizuri. Wa tatu akauliza, nikasikia kiti kinasogezwa. Wa nne alipouliza mtu alicheka, na kicheko hicho hakikuwa kama kile cha wakati wa Daudi.

Tausi akaingia. Yeye ni jirani yangu kwa hiyo mnaweza msiniamini, lakini aliwapita wote. Habari ya lile lori waliisikiliza mpaka mwisho, mhasibu akamuuliza zaidi. Kisha wakamuuliza kama ana swali. Alianza neno akalikata, nikajua anajua kwamba langu limeshaulizwa mara nne. Nikasema moyoni, liache, mwanangu, liache. Akaliuliza.

"Na wewe?" alisema Meneja, na wote watano wakaangua kicheko.

Alipotoka aliniambia asante mama, akachukua mkoba, akaondoka. Maji yake hakuyanywa.

Meneja aliniita. Akaniuliza kama nje kuna mtu anawafundisha. Nikamwambia ni mie.

"Wote?"

"Wote, bosi. Ningemfundisha mmoja ingekuwa upendeleo."

Aliweka kalamu mezani. "Kwa hiyo umetenda haki."

"Nilijaribu."

Akaniambia kuanzia siku hiyo niwape maji tu. Kazi alipewa Daudi, na jopo halikukosea, kwa jinsi walivyoona wao. Yeye peke yake ndiye aliyeonekana amefikiri.

Kwenda kumwambia Mama Tausi ilikuwa hatua thelathini na nilizihesabu. Alikuwa anakuna nazi uani. Nikamweleza yote, sikuacha kitu.

"Kwa hiyo umewafundisha na wengine," alisema.

"Nimewafundisha."

"Wote wanne."

"Wote wanne."

"Mbele ya mwanangu, swali la mwanangu."

Nikasema ndiyo. Akaendelea kukuna nazi mpaka kifuu kikaanza kulia. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba wewe Mama Eliya ni mtu mwema sana, na mtu akiwa na jirani mwema kama wewe hahitaji adui. Hatukusemeshana tangu Januari hiyo. Tulikuwa tunapishana bombani kama wageni.

Tausi alikuja mwenyewe baada ya wiki. Nilianza kumwomba radhi akanizuia.

"Mama, mie nilikuwa na swali langu," alisema. "Nilitaka kuwauliza kwa nini hii nafasi wameitangaza mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Nimeona matangazo yote matatu."

Nikamuuliza kwa nini hakuuliza.

"Ulikuwa mlangoni unasikia. Ningeliacha la kwako ungesema nimekudharau. Jumamosi tatu umenipikia uji."

Nilikaa chini. Jopo lilikuwa limemcheka kwa kuuliza swali la tano lililofanana, na yeye aliliuliza kwa heshima yangu, kwa uji wangu. Na lake lilikuwa zuri kuliko langu. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kukaa kwenye benchi lile na swali lake mwenyewe mfukoni.

Usaili wa kumi ulipatikana mwezi huu, kwenye ghala la vifaa vya hospitali kule Kinondoni. Tausi alikuja tena kufanya mazoezi. Mama yake alijua, akajifanya hajui. Safari hii nilikaa pembeni nachambua mchele, nikamwachia Baba Eliya na rula yake. Nilifumba mdomo mpaka taya likauma. Kule Kinondoni walipomuuliza kama ana swali, akauliza aliyeacha nafasi hiyo yuko wapi sasa. Mwanamke mmoja wa kwenye jopo akanyoosha mkono akasema ni mimi, wamenipandisha, na nitakuwa msimamizi wako. Jumatano barua ya kazi ikaja.

Alhamisi, siku moja kabla sijastaafu, Meneja akanipa bahasha yenye barua ya kazi. Daudi alikuwa ameacha kazi, hakumaliza miezi mitatu. Akasema mpelekee yule binti wa Mtoni, si mnakaa jirani.

Nikaipeleka. Mama Tausi alifungua mlango, akaona nembo ya ofisi, akapiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akakumbuka kwamba hatuongei. Kurasini ni karibu, binti angekwenda kwa miguu. Kinondoni ni mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Kwa mama yake mambo yalikuwa yamekwisha.

Tausi aliisoma barua akaikunja. "Mama Eliya," aliniuliza, "mbona watu hawakai pale?"

Mama yake akanitazama kwa macho ya kuniambia sema vizuri. Nami nilikuwa bado mwajiriwa, kwa siku moja. Niliomba maji kwanza. Nikanywa yote. Kisha nikamwambia kwamba Meneja si mtu mbaya, mshahara wake hauchelewi, na mtu akifiwa anakwenda msibani mwenyewe. Lakini nyaraka zinalala mezani kwake siku tatu, mzigo ukichelewa barua ya onyo anaandikiwa karani. Nimewahi kuwapelekea chai makarani sita waliokuwa wanazisoma barua hizo. Daudi ni wa saba. Huenda mambo yakabadilika. Sijui. Sijaona dalili.

Tausi akarudisha barua kwenye bahasha, akaomba nimpelekee Meneja shukrani zake. Ijumaa nilimpelekea. Akaniuliza kama binti amesema sababu. Nikamwambia kwamba mie ndiye niliyemwambia, kuhusu nyaraka zinazolala mezani. Akaangalia meza yake. Zilikuwepo. Akasema, haya, Mama Eliya, nenda ukakate keki.

Kwa hiyo Zuhura, jibu lako ndilo hilo, kama ni jibu. Wape maji, wafungulie mlango. Na mtu akikuomba umfundishe, kabla hujasema lako muulize yeye alikuwa anataka kusema nini. Huenda nikawa nimekosea na hapa.

Nilikuwa nimefika hapo jioni hii Mama Tausi alipobisha hodi. Hajakanyaga ndani kwangu tangu Januari. Alikaa kiti cha karibu na mlango, akasema amepiga hesabu: mara ya kwanza umemkosesha mwanangu kazi ya Kurasini kwa kuwafundisha watu, mara ya pili umemkosesha kwa kusema ukweli. Kazi mbili, ofisi moja. Nikafikiri, nikamwambia ni kweli, ni mbili.

"Kesho anaanza Kinondoni," alisema. "Saa kumi na moja alfajiri ananiamsha mie, sio wewe."

Nikamwambia pole. Akauliza tunakula nini. Baba Eliya akasogea, akampisha mezani. Tulikula ugali, dagaa wa kukaanga na tembele la nazi. Mama Tausi alikula, akaongeza, akasema dagaa wana mchanga. Nikaonja tena. Walikuwa nao.